Pembe Haianguki

Siku ile garini tulikuwa watu wanne, na nitawataja wote, kwa sababu wengine wao hawana tena wa kuwataja. Kwenye usukani alikuwa Bwana Pettifer wa Edgbaston, mteja wetu mkubwa, mzungu aliyewahi kuishi Kenya akiwinda kwa leseni. Kando yake Bwana Jayantilal, fundi wa viko vya tumbaku na tajiri wangu, tuliyezoea kumwita Bwana Jayanti. Nyuma alikaa mama yake mzazi. Jina lake lilikuwa Rambhaben, lakini mtaa mzima wa Lozells, hata mwuza maziwa, ulimwita Ba, yaani mama. Na kando ya Ba nilikaa mimi, Ndinda binti Kilonzo, niliyewabeba mgongoni watoto wa nyumba hiyo tangu Machakos, kabla sijawa fundi. Savita, mke wa Bwana Jayanti, hakuja, ila chevda iliyokuwa kwenye mkebe mapajani mwangu ilikuwa ya mkono wake, kwa hiyo namhesabu. Wa mwisho, ingawa hakupanda gari, alikuwa kulungu mwenyewe. Katika wote hao, ni yeye peke yake nisiyemjua jina.

Wajukuu zangu, na nyinyi vijana wa kanisani mnaonisalimu kwa Kiswahili halafu mkaendelea kwa Kiingereza, kila mmoja wenu anadhani sisi wanawake wa zamani tuliokuja Birmingham tulikuwa manesi. Syombua alikuwa nesi, kweli, na nitamfikia. Mimi nilikuwa natengeneza viko vya tumbaku kwa pembe za kulungu. Msicheke bado. Kicheko kiko mbele.

Pembe ya kulungu ni kama mkate wa dukani. Nje ina ganda gumu, ndani ina matundu matundu. Kazi yote ni kujua ganda linaishia wapi. Ukiitoboa penye matundu moshi unatokea ubavuni, na mvutaji anaonekana kama treni inayopanda Mau. Kwa hiyo kichwa cha kiko ukitoe karibu na shina la pembe, pale palipo nene. Uiloweke kwanza, ilale kwenye ndoo mpaka msumeno uingie bila ugomvi. Na vumbi lake ujifunge kitambaa kilicholowa puani, maana vumbi hilo likiingia kifuani halitoki, na harufu yake ikiingia kwenye sweta haitoki pia. Pembe ikikatwa inanuka nywele zinazoungua. Nikipanda basi kwenda mjini, kiti cha kando yangu kilikuwa hakipati mtu. Nilikuwa nasafiri kama malkia.

Bwana Jayanti ndiye aliyenifundisha. Ujana wake alijifunza Arusha kuchonga viko vya jiwe jeupe, baadaye akafungua duka Machakos, na Wahindi wengi walipohama mwishoni mwa miaka ya sitini, familia yake ikahama nami nikahama nao kama yaya. Huku akaajiriwa kiwandani, zamu ya usiku, kutengeneza parafujo. Zamu hiyo ilimmaliza. Alikuwa akisinzia mezani na kijiko mdomoni, na Savita anakitoa taratibu kama anavyomtolea mtoto. Ndipo akaanza kuchonga viko kwenye banda la uani, nami, kwa kuwa watoto walikuwa wanakua, nikawa naingia kushika upande wa pili wa pembe.

"Ndinda," aliniambia siku ya kwanza, "tupa inakata ikienda mbele tu. Ikirudi, inyanyue. Usisugue kama unaosha sufuria."

"Nimeosha sufuria miaka mingi, Bwana Jayanti."

"Najua. Ndiyo maana nimeanza na hilo."

Msidhani fundi hakosei. Kiko chetu cha kwanza alikichonga yeye, pembe tupu, kizuri mno, kinang'aa kwa nta. Alikuwa amezoea jiwe, na jiwe haliungui. Akamuuzia Tommy Garrity, Mwairishi wa Bordesley Green aliyekuwa naye zamu moja kiwandani. Tommy akaenda nacho baa, akakijaza, akawasha mbele ya watu. Baada ya mivuto michache baa ikaanza kutoa watu. Mwenye baa akainama kwenye meko kutafuta paka, akidhani ameangukia motoni.

Kesho yake Tommy yuko mlangoni. "Jayanti, umeniuzia kiko au umeniuzia kwato?"

Tangu hapo tukajua kuweka kikombe cha ndani cha mzizi wa mti mgumu, moto ukae kwenye mti, pembe ibaki ya kushikwa na kutazamwa. Tukamtengenezea Tommy kingine, lakini kile cha kwanza hakukirudisha. Alikibana mdomoni siku zote bila tumbaku, na mkewe akatuletea keki ya shukrani.

Sasa nije kwa Ba.

Ba hakuwa akila kitu chochote kilichowahi kuwa na mama. Nyama, samaki, yai, hapana. Kabla ya kutia tonge mdomoni ilikuwa lazima kwanza mnyama apewe sehemu yake. Machakos alikuwa akimpa ng'ombe wa jirani, na siku ng'ombe hayupo aliwamwagia sisimizi sukari. Huku aliwapa njiwa. Na nyumba ya Lozells ilikuwa yake, iliyonunuliwa kwa bangili zake za harusi, pamoja na ua, pamoja na banda. Kiswahili cha Ba kilikuwa cha dukani, lakini sijamwona mtu aliyeshindwa kumwelewa.

Kwa muda mrefu alijua tu kwamba mwanawe anachonga viko. Magunia ya pembe yalikuja kwa treni kutoka Uskoti, yakaingia bandani yamefungwa. Harufu aliidhani ya gundi. Mpaka siku moja akaja uani kuanika nguo, na gunia moja lilikuwa limepasuka.

"Jayanti! Hii nini?"

"Pembe, Ba."

"Ya nani?"

"Ya kulungu."

"Kulungu iko wapi?"

"Yuko Uskoti, Ba. Mzima. Anakula majani."

"Bila pembe?"

"Zimeanguka. Kila mwaka zinaanguka zenyewe, halafu zinaota nyingine. Watu wanaziokota tu."

Ba akamtazama kama alivyokuwa akimtazama zamani, alipokuwa mdogo na kusema sukari imelambwa na paka. Halafu akapaza sauti. "Ndinda! Toka huko. Baba yako mwindaji?"

"Ndiyo, Ba." Baba yangu Kilonzo alikuwa mwindaji wa upinde na mishale, na mimi nimelelewa kwa nyama ya porini.

"Yeye naona swala, paa, kuro, yote?"

"Yote, Ba."

"Sasa wewe sema. Pembe naanguka?"

Nyuma ya Ba, Bwana Jayanti alikuwa ananikazia macho, anapandisha nyusi na kuzishusha. Nikadhani vumbi limemwingia jichoni.

"Haianguki, Ba," nikasema. "Pembe haianguki mpaka mnyama aanguke kwanza."

Huo ulikuwa msemo wa baba yangu, na niliusema kwa kifua wazi. Nyinyi mliozaliwa huku labda hamwelewi. Kule kwetu hakuna mnyama anayeacha pembe yake njiani akaendelea na safari. Swala anazaliwa, pembe inaota, anakufa nayo. Ukiiona pembe peke yake, mwenyewe hayupo. Ba alikaa Kenya tangu alipoolewa, alijua hivyo. Mimi nilizaliwa huko, nilijua zaidi.

"Umesikia?" Ba akamwambia mwanawe. Akaingia jikoni, akatoka na kufuli la pipa la unga, akafunga banda, na ufunguo akaufunga fundo kwenye ncha ya sari yake. Halafu akaanika nguo zake zote, moja moja.

Bwana Jayanti akakaa kwenye ndoo. "Ndinda, umenimaliza."

"Ungenionya mapema, Bwana Jayanti."

"Nikuonye nini? Nikuonye useme kweli?"

"Kweli gani?"

"Kwamba pembe zinaanguka!"

Nikamwonea huruma. "Bwana Jayanti," nikamwambia kwa sauti ya chini, "Ba ameshaingia ndani. Huna haja ya kuendelea."

Nikamwacha hapo na ndoo yake, nikaingia ndani. Lakini jioni nikiosha vyombo, Savita alisimama kando yangu akifuta sahani ile ile kwa muda mrefu. "Ndinda," akasema, "watu wa kwenu Machakos hawakukumbuki?" Hapo nikaelewa. Watoto wao wote wako shule, yaya wa nini? Nilikuwa mtu wa banda. Banda likifungwa, Bwana Jayanti anarudi kwenye parafujo za usiku, mimi narudishwa nyumbani na sanduku langu, na mikono yangu inayojua kazi ambayo huko hakuna anayeihitaji. Nami ndiye niliyelifunga, kwa mdomo wangu.

Na ndani ya banda, nyuma ya kufuli, kulikuwa na viko vya Bwana Pettifer. Aliagiza dazeni moja, vya yeye na marafiki zake wa kuwinda, kwa karamu yao ya mwaka. Cha kwake mwenyewe alitaka kichongwe kwa pembe ya kulungu aliyemwua yeye mwenyewe kwa bunduki. Agizo hilo likifa, hata Ba akilegea baadaye, hapatakuwa na banda la kufungua.

Bwana Pettifer akaja kuangalia kazi yake, akakuta kufuli. Huyu naye Kiswahili alikijua, ila alijifunza chote kwa kuamuru. Alikuwa mtu mwema, lakini hata akitaka chumvi ilikuwa "Leta!" na hata akikupongeza ungetamani kukimbia. Akaelezwa kisa. Akamgeukia Ba.

"Mama! Pembe anguka! Kila mwaka!"

"Wewe rafiki ya Jayanti," Ba akasema. "Lazima wewe nasema hivyo."

"Kesho! Ingia gari! Tazama!"

"Chai iko?"

Bwana Pettifer akafikiri. "Chai iko."

"Mimi nakuja. Na Ndinda nakuja. Ndinda najua wanyama."

Bwana Jayanti aliziba uso kwa mikono.

Basi ndiyo hiyo safari niliyoanza nayo. Baridi ilikuwa inaelekea kuisha. Ba alivaa sari yake nyeupe ya ujane, juu yake koti la Bwana Jayanti, soksi jozi mbili ndani ya ndara, na kofia ya sufu ya mjukuu wake Nilesh. Hatujatoka hata mjini akaanza kumhoji dereva.

"Wewe napiga wanyama na bunduki?"

"Ndiyo, Mama."

"Iko njaa?"

"Hapana njaa."

"Duka iko mbali na nyumba yako?"

"Duka iko karibu."

"Sasa kwa nini?"

Bwana Pettifer akabadilisha gia mara mbili kabla ya kujibu. "Mchezo, Mama."

"Mchezo," Ba akarudia. Akatazama nje dirishani, akarudi. "Na yeye mnyama najua hii mchezo?"

Bwana Jayanti akakohoa, akasema hali ya hewa ni nzuri. Mvua ilikuwa inanyesha.

Sijui ni nini kilinisukuma, lakini nikasema: "Baba yangu alifungwa kwa digidigi mmoja, Bwana Pettifer."

"Leseni hapana?"

"Leseni zilikuwa zenu. Baba alikuwa na upinde na watoto saba."

Tukazunguka mzunguko mzima wa barabara, tena nadhani tukauzunguka mara ya pili kwa sababu dereva alisahau kutoka. Halafu Bwana Pettifer akasema polepole, kwa mara ya kwanza bila kuamuru: "Lakini digidigi ni mdogo sana."

"Ndivyo baba alivyomwambia hakimu."

Ba alicheka mpaka kofia ya Nilesh ikamfunika macho. Bwana Pettifer naye akacheka, lakini masikio yake yalikuwa mekundu, na hayakutulia mpaka tulipofika.

Mnisikilize hapa, maana watu huniuliza nilikuwa upande gani. Kwa baba yangu mnyama alikuwa chakula. Alimwomba radhi kabla ya kumchinja, na hakubakiza hata ukwato. Kwa Ba, mnyama alikuwa kama jirani. Kwa Bwana Pettifer alikuwa mchezo, na fremu ya kuning'iniza ukutani. Mimi nilikula kwa baba, nikaishi kwa Ba, na mshahara wangu ulitoka kwa Bwana Pettifer. Mtu wa namna hiyo akikwambia ana upande mmoja, mpime homa.

Tulifika kwenye shamba la kulungu la rafiki yake mmoja, bustani kubwa yenye uzio wa mbao. Bwana Pettifer akashuka akabadilika. Akalamba kidole akapima upepo. Akainama, akatembea kama mwizi wa kuku.

"Mama! Inama! Nyamaza!"

"Mimi nakuja kutazama," Ba akasema kwa sauti yake yote, "hapana kuiba."

Akaketi kwenye kisanduku cha vifaa alichobebewa na mwanawe, akajimwagia chai. Kulungu walikuwa ng'ambo ya uzio, madume makubwa yenye pembe pana kama viganja, zimesimama vichwani kama milango kwenye fremu.

"Iko imara," Ba akasema.

"Imara kabisa, Ba," nikasema. Mnyonge wa Mungu, nilikuwa bado shahidi mwaminifu.

Bwana Jayanti alikuwa anasogeza midomo. Nadhani alikuwa anaomba.

"Tazama!" Bwana Pettifer akaonyesha mmoja aliyekuwa hana kitu kichwani. "Huyo! Imeanguka!"

Ba akamkagua. "Huyo mwanamke."

Na kweli alikuwa jike. Bwana Pettifer alikuwa amesahau miwani.

Tukakaa. Mvua ikaacha, ikarudi, ikaacha. Saa ya kula ikafika. Nikafungua mkebe wa chevda, na hapa lazima niwaeleze wasioijua: ni mchanganyiko wa kutafuna, wa dengu, karanga, mchele uliopondwa na kukaangwa, majani ya mchuzi na pilipili. Kwa wengine pilipili ni kidogo. Chevda ya Savita ilimfanya Tommy Garrity aombe maji kwa Kiairishi.

Ba alichota gao lake, kiganja kimoja, akakumbuka. Njiwa hakuna. Sisimizi hakuna, baridi. Hawezi kula kabla mnyama hajala. Akasimama, akaenda kwenye uzio, akamwaga gao lile kwenye majani ng'ambo.

Dume moja likainua kichwa.

"Kaa! Nyamaza!" Bwana Pettifer akanong'ona, na safari hii hata Ba alitii. Dume likaja, hatua moja, linasimama, hatua nyingine. Likafika. Likanusa. Likala chevda. Likapenda. Ba akapitisha mkono kwenye uzio na gao la pili, nalo likaja likalamba mkononi mwake, na Ba akawa anamsemesha Kigujarati kama anavyomsemesha mjukuu.

Halafu kulungu akaacha kutafuna.

Niliyaona macho yake. Yalikuwa macho ya Tommy Garrity kabisa. Mdomo wa juu ukapinda, pua ikafunguka, akarudi nyuma hatua moja, akapiga chafya ya kutikisa mbavu, akakikung'uta kichwa kulia, kushoto, kulia. Na pembe moja ikatoka. Ikaruka juu ya uzio, ikaangukia tup! karibu na ndara za Ba.

Pale pembe ilipokuwa pamebaki duara jekundu, kama goti la mtoto lililochubuka.

Ba akautazama mkono wake. Akautazama mkebe. Akaitazama pembe. "Arey!" akalia. "Mimi navunja mnyama! Maisha yote mimi hapana ua hata sisimizi, leo navunja mnyama na chevda!" Akaiokota pembe kwa mikono miwili, akawa anakimbia kando ya uzio na soksi zake jozi mbili, akiinyoosha kwa kulungu. "Chukua! Chukua yako! Jayanti, leta kitambaa, tufunge kichwa!"

Kulungu alikwenda mbio kidogo, akasimama, akatafakari. Kichwa kimelalia upande mmoja kama mtu aliyebeba ndoo moja. Halafu akageuka, akarudi taratibu pale pale penye majani, akaanza kuokota punje za chevda zilizobaki. Pembe haikuwa habari kwake. Alikuwa akitaka kujua kama kuna nyingine.

Bwana Pettifer alikuwa amelala kwenye nyasi mbichi, anacheka bila sauti, anapiga ardhi kwa ngumi.

Mimi nilimfuata Ba, nikaichukua pembe mikononi mwake. Nikaipapasa chini, pale ilipotokea. Palikuwa pameviringana, pamekauka, pana chembechembe kama tunda lililoachana na kikonyo chake. Wajukuu, sehemu hiyo niliijua. Nilikuwa nimeikata kwa msumeno na kuitupa miaka yote ile, kwenye kila pembe iliyotoka kwenye magunia, na hata siku moja sikujiuliza kwa nini hakuna alama ya kisu.

"Ba," nikasema. "Pembe inaanguka."

"Sasa ndiyo unasema!" Bwana Jayanti akanguruma, na akaketi chini kwenye maji.

Ba alipangusa machozi kwa ncha ya sari, ile ile yenye ufunguo. Alimtazama kulungu anayekula. Alimtazama Bwana Pettifer, ambaye sasa alikuwa anajaribu kusimama na kusema kwamba miaka yake yote ya bunduki hajapata pembe kwa karibu namna ile.

"Wewe nanunua bunduki," Ba akamwambia, "nanunua risasi, leseni, buti. Mimi nanunua pilipili."

Banda lilifunguliwa jioni ile ile, lakini kwa sheria mpya. Kila pembe iliyoingia uani ilipitia kwa Ba. Alikaa mlangoni na chai yake, anapapasa shina. Ikiwa imeviringana, inaingia. Ikiwa imekatwa, ina kipande cha fuvu, inarudi ilikotoka. Na ya kwanza kurudi ilikuwa ya Bwana Pettifer.

"Mama, huyu nilimpiga mimi mwenyewe," alisema.

"Mimi najua. Ndiyo maana."

Niliacha tupa nikasikiliza. Dazeni nzima ilikuwa mikononi mwa huyo bwana, angeweza kugeuka na kwenda zake. Alisimama pale na pembe yake kama mtoto aliyerudishwa nyumbani na barua ya shule. Mwisho akasema, basi, hiyo atairudisha ukutani, yeye achongewe kwa ile ya chevda.

"Ile hapana," Ba akasema. "Ile iko na mwenyewe." Akanielekezea kidole. "Ya baba ya Ndinda. Yeye nafungwa kwa kitu kidogo. Sasa apate kitu kubwa, bila kosa."

Bwana Pettifer akanitazama. Masikio yakawa mekundu tena. "Sawa," akasema, na hakuamuru mtu. Akachukua dazeni yake, cha kwake kikiwa cha pembe ya kuokotwa ya Uskoti. Alituambia baadaye kwamba kwenye karamu aliwasimulia wenzake kisa chote, na mzee mmoja akamuuliza kwa makini chevda ni risasi ya nchi gani. Walioagiza viko baada ya hapo walitufikisha mbali. Bwana Jayanti hakurudi kwenye parafujo, na Savita hakuniuliza tena habari za Machakos.

Kiko cha baba nilikichonga mimi, tangu msumeno wa kwanza mpaka nta ya mwisho. Bwana Jayanti alikiangalia tu kwa mbali, mikono nyuma, akiuma ulimi. Syombua, yule nesi wa hospitali ya Bordesley Green, mtoto wa jirani zetu nyumbani, alikuwa anakwenda likizo, nikampa akipeleke pamoja na tumbaku. Nikamwagiza amsimulie baba kila kitu: uzio, chafya, pembe ilivyoruka. Syombua ni msimulizi, nilijua hataacha hata soksi za Ba.

Aliporudi alikuja moja kwa moja bandani, hajavua koti. Tulimzunguka wote, Ba mbele.

"Amekipenda," Syombua akasema. "Amekigeuza, amekinusa, amekivuta mpaka tumbaku ikaisha. Amesema mkono wa Ndinda umekuwa wa fundi."

"Na kisa?" nikauliza. "Ulimweleza?"

"Nilimweleza chote. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Halafu akaniambia, mwambie binti yangu nimefurahi, lakini asikubali watu wa huko wamchezee akili. Pembe haianguki mpaka mnyama aanguke kwanza."

Ba akampigia baba yangu makofi. Alisema huyo ndiye mtu wa kuishi naye nyumba moja.

Baba alikivuta kiko hicho mpaka alipofariki, na hakuwahi kuamini. Basi, nyinyi mlio hai na wenye kumbukumbu nzuri, kama jina la Tommy lilikuwa Garrity au Garraty, kama gari la Bwana Pettifer lilikuwa la kijani au la buluu, kama kofia ilikuwa ya Nilesh au ya dadake Hansa, njooni mniambie, nitafuta niandike upya, sioni haya. La pembe msilisahihishe. Mkebe ulikuwa mapajani mwangu.